Pima Kabla Hujafungua

Gari la familia katika mji wa Tabora, iwe Gongoni, Kanyenye au Chemchem, kwa kawaida limeshakula miaka yake Japani kabla halijashushwa bandarini Dar es Salaam. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa kuliko yote liliishia Afrika. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingia, Uganda tangu 2018 imeweka kikomo cha miaka 15, na Tanzania imeamua kuongeza ushuru wa uchakavu badala ya kufunga mlango. Gari la zamani basi tutaendelea kuwa nalo, na kulilaani hakusaidii kitu. Linalofaa kuulizwa ni nani ajue linaumwa nini. Msimamo wangu ni kwamba kazi hiyo ya kutambua tatizo ni ya mwenye gari, nyumbani kwake, hata kama hatashika spana maisha yake yote. Kinachofilisi watu katika gari la zamani si kuharibika kwake, ni kubadilisha spea kwa kubahatisha.

Kwa mtu wa Tabora kubahatisha ni ghali zaidi. Mji uko zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam, kwenye njia ileile waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo, na ambayo reli iliifuata hadi kufika Tabora mwaka 1912. Spea isiyopatikana madukani mjini inaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kupandishwa basi. Ikifika na kufungwa, kisha gari likabaki na ugonjwa wake, risiti imeandikwa mapema: mali ikishauzwa hairudishwi. Umelipa bei ya kifaa, umelipa mzigo, gari limelala siku kadhaa, na unaanza upya kuuliza ni nini. Mkazi wa Ilala, karibu na Kariakoo hiyo, anaweza kukosea asubuhi akasahihisha mchana. Wa Gongoni hana nafasi hiyo, kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji kupima zaidi.

Chukua tatizo ambalo kila mtaa una mtaalamu wake: gari haliwaki asubuhi. Jirani atasema betri, na mara nyingi betri itanunuliwa. Mita ndogo ya umeme, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri, ingetoa jibu kwa dakika chache. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko karibu nusu, na chini ya 12 imekwisha chaji, ambayo si lazima iwe imekufa. Piga stata huku mita ikiwa imeunganishwa: betri iliyochajiwa ikishuka chini ya volti 9.6, hapo una sababu ya kuishuku. Injini ikiwaka, mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, betri mpya itakufa vilevile, kwa sababu kasoro iko upande wa kuchaji: mkanda uliolegea, alternata, au waya wake. Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakijui. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri na nyingine kwenye kibanio cha waya kilichokikamata, kisha mtu mwingine apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo, kwenye ule ukungu mweupe au wa kijani, na dawa yake ni maji ya moto, magadi na msasa. Ni betri ngapi zimetupwa kwa sababu ya uchafu huo, hakuna anayehesabu.

Gari kuchemsha ndiko kunakofichua zaidi madhara ya kurekebisha bila kupima. Imekuwa desturi kung'oa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, kile kidude ni cha Wazungu wenye baridi. Hoja inavutia lakini haisimami. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, mara nyingi kuanzia nyuzi 82. Ukiitoa, kwenye injini nyingi kompyuta husoma kuwa injini bado ni baridi, ikaendelea kumwaga petroli ya ziada, plagi zikawa nyeusi, na mwenye gari akaanza kulaumu kituo cha mafuta. Kwenye baadhi ya injini ni mbaya zaidi, kwa kuwa themostati hiyohiyo ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikikosekana, sehemu ya maji yanayochemka huzunguka na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari uliloliondolea kinga ili lisichemshe, umeliongezea sababu ya kuchemsha. Na kuipima themostati hakuhitaji gereji: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Ikiwa baridi iwe imefunga, na kabla maji hayajachemka iwe imefunguka. Isipofanya hivyo, weka mpya.

Kuna jambo la Tabora ambalo ni rahisi kulisahau. Mji uko takriban meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachookoa injini ni mgandamizo. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mpira wa kifuniko ukichoka, kinga hiyo inapotea, na gari litachemsha wakati rejeta, pampu na feni vyote ni vizima. Kabla ya kuagiza rejeta Kariakoo, badilisha kifuniko. Kisha angalia ni wakati gani linachemsha. Likichemsha limesimama au likitambaa sokoni, shuku feni. Likichemsha kwenye mwendo wa barabara ya Nzega, shuku rejeta iliyoziba, na maji ya bomba yanayojazwa mwaka hadi mwaka bila kulenti ndiyo huiziba kwa kutu na chumvi. Maji yakipungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe mzito ukatoka na oili ikageuka rangi ya maziwa, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na hapo mwite fundi. Rejeta ya moto usiifungue kwa sababu yoyote ile.

Wapo watakaosema haya yalikuwa ya enzi za Land Rover na kabureta, siku hizi kila kitu ni kompyuta. Ukweli ni kinyume. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinajieleza zenyewe bila mashine: chini ya boneti kuna kiboksi chenye neno DIAGNOSIS kwenye kifuniko, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, kompyuta haina malalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni namba 22, ya sensa ya joto la maji. Magari yaliyofuata yana soketi ya kusomea, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia 1996. Ila namba haisemi nunua sensa. Inasema taarifa ya sensa haieleweki, na waya uliotafunwa na panya hutoa namba ileile.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu fundi. Ufundi wetu ni wa bei nafuu, watasema, kwa nini mtu ajisumbue, na kwa nini amnyang'anye fundi riziki? Mafundi wanaofanya kazi chini ya miembe, wawe wametoka vyuo vya ufundi vya VETA au wamejifunza kwa kumfuata fundi mkubwa, wengi wanajua kazi. Tatizo ni jinsi tunavyowalipa. Aliyetumia saa mbili akagundua waya umelegea anapewa hela ya soda. Aliyefungua alternata na kufunga nyingine kwa dakika 40 analipwa ufundi kamili bila ubishi. Kwa utaratibu huo sisi wenyewe tunawafundisha kufungua badala ya kutafuta, kisha tunawaita wababaishaji.

Hatari ipo na haipaswi kupuuzwa. Breki, mfumo wa petroli, mifuko ya hewa, na chochote kinachokuhitaji uingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, usijaribu nyumbani. Lakini kupima volti au kusoma taa hakumo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo utakapopeleka gari kwa fundi, usimwambie abadilishe nini. Mweleze dalili, saa zinapotokea, na namba ulizosoma. Mwombe akuonyeshe kipimo kabla hajafungua bolti ya kwanza. Na akipata kosa mlipe kwa kulipata, hata kama lenyewe ni waya uliolegea.