Je, Wajua? Chungu Kimoja, Kaya Moja: Kuhesabu Watu wa Mkokoni

Je, wajua kuwa karani wa sensa hahesabu nyumba, bali vyungu? Ukifika Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, ng'ambo ya kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Kaunti ya Lamu, utakuta ua mmoja una nyumba tatu za boriti na makuti. Watoto wanaingia huku na kutokea kule, na mgeni hawezi kujua yupi wa nani. Karani anauliza swali moja tu kwanza: mnapika pamoja? Kwa hesabu ya serikali ya Kenya, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Bibi mwenye jiko lake nyuma ya nyumba, anayejipikia wali wake wa nazi na samaki wake, ni kaya kamili hata kama anaegemea ukuta wa mwanawe. Na wajukuu wanaokula na kulala kwa bibi ni wa bibi, si wa baba yao aliye hatua kumi kutoka hapo.

Jina la kijiji halina fumbo. Mkokoni ni penye mkoko. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya hekta 37,000 za mikoko, kiasi cha asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya, na boriti zinazoshika paa la hao wanaohesabiwa hutoka humo humo.

Je, wajua kuwa mtu huhesabiwa alikolala, si anakotoka? Sensa ya Kenya ya 2019 ilishikwa na usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Aliyelala Mkokoni usiku huo ni wa Mkokoni, hata kama ni mgeni aliyekuja arusini. Mzaliwa wa Mkokoni aliyelala Mombasa akahesabiwa Mombasa. Kwa mji mkubwa kanuni hii haina uzito: wanaotoka na wanaoingia hukaribiana. Kwa kijiji cha wavuvi ina uzito mkubwa, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Fikiria mama mmoja wa Mkokoni amekaa kizingitini, karani mbele yake na kishikwambi mkononi, maana 2019 ndiyo mara ya kwanza Kenya kuhesabu kwa mashine hizo badala ya makaratasi. Anaulizwa: nani alilala hapa jana? Anaanza na mama yake mzazi, kisha binti zake, kisha mdogo wa mwisho aliyelala miguuni pake. Mume? Alitoka na mashua magharibi, akarudi alfajiri na samaki. Hakulala popote. Kanuni inasema huyo ni wa kaya yake, kama ilivyo kwa mlinzi wa usiku. Mwana wa kwanza? Yuko dago, kambi ya wavuvi, juma la tatu sasa. Huyo si wa hapa kwa usiku huo. Atahesabiwa huko huko dago, ikiwa karani atafika. Chungu kile kile, sahani yake bado iko rafuni, lakini kwenye kishikwambi hayumo.

Tena ukumbuke mwezi wenyewe. Agosti bado ni msimu wa kusi. Bahari ya nje imechafuka, na wavuvi wengi huvua karibu na nyumbani, ndani ya miamba. Shule nazo zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mtoto wa bweni alilala kwao. Sensa ingefanywa Januari, kaskazi ikivuma, wavuvi wa Pemba wakiwa wametawanyika pwani ya Kenya na vijana wa vijijini wakiwa dago, watoto wakubwa wakiwa mabwenini, picha ingekuwa nyingine. Sisemi sensa ilikosea. Nasema kijiji cha pwani kina sura mbili kwa mwaka, na sensa hupiga picha ya sura moja.

Na mwenye wake wawili? Kila mke ana nyumba yake na chungu chake, basi hizo ni kaya mbili. Mume huandikwa pale alipolala kwa zamu ya usiku ule. Nyumba ya pili hubaki na mama kuwa mkuu wa kaya. Kwa hiyo usomapo katika ripoti kwamba kaya fulani inaongozwa na mwanamke, usidhani mara moja ni mjane au ameachwa. Huenda zamu haikuwa yake tu.

Je, wajua kuwa Lamu ina wanaume wengi kuliko wanawake? Kenya nzima, sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na wanawake waliwazidi wanaume kwa zaidi ya 466,000. Lamu ikaenda kinyume: watu 143,920, kati yao wanaume 76,103 na wanawake 67,813. Ukitoa hesabu utaona wamebaki wanne. Hao ni wenye jinsia mbili, ambao Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza mwaka huo. Wanaume 112 kwa kila wanawake 100 si jambo la maumbile. Mimi naona ni kazi: mradi wa bandari mpya uliozinduliwa 2012, vibarua na mafundi wake, wavuvi wa kuja, na ulinzi. Tangu operesheni ya usalama ya msitu wa Boni ianze mwaka 2015, askari wamekuwa sehemu ya maisha ya huku. Na hapa pana tofauti ambayo watu wengi huipita: watu wa kaya si watu wote. Aliyelala kambini, jela, bwenini au hotelini huhesabiwa kuwa mtu, lakini hana kaya, kwa kuwa chungu anacholia ni cha taasisi.

Wastani wa kaya nchini ulikuwa watu 3.9. Mandera ulifika 6.9, Nairobi 2.9, na Lamu ulikaribia ule wa taifa, chini yake kidogo. Namba hiyo moja imechanganya ua wa vizazi vitatu Mkokoni na kijana wa kibarua aliyepanga chumba peke yake Mokowe. Ukitaka kujua kijiji, usikisome kwa wastani wa kaunti.

Je, wajua kuwa mpaka ulipita katikati ya familia? Hadi 1925 Kismayu na visiwa vya Wabajuni kusini mwake vilikuwa chini ya utawala ule ule wa Uingereza uliotawala Kiunga na Mkokoni. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na binamu wakawa raia wa nchi mbili bila kuhama. Kisha vikaja vita vya Shifta, baada ya uhuru wa 1963. Vijiji vingi vya Wabajuni bara vilihamwa. Watu walikimbilia visiwani, Lamu mjini, Malindi na Mombasa, na vingine havikurudiwa. Majirani zao Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, walitolewa msituni na kukalishwa vijijini kando ya barabara ya Hindi hadi Kiunga. Kwa hiyo mtu akikuuliza mbona pwani ile ndefu ina watu wachache, usimjibu kwa habari za ukame peke yake.

Wachache kweli kweli. Lamu Mashariki, ambayo Mkokoni imo, ilikuwa na watu 22,258 mwaka 2019. Lamu Magharibi ilikuwa na 121,662. Tume ya uchaguzi ilipogawa mipaka mwaka 2012, majimbo 27 ya Kenya yalikuwa na watu wachache kuliko kiwango kilichotakiwa, nayo yakalindwa yasifutwe. Lamu Mashariki ni mojawapo, na Lamu Magharibi pia. Na pesa? Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha, ya 2012, iliweka asilimia 45 kwenye idadi ya watu. Ile iliyopitishwa 2020 ilishusha hadi 18 na kuongeza mizani mipya kama ya afya na kilimo. Kwa kaunti yenye watu kama 23 kwa kilomita moja ya mraba, tofauti hiyo si ya makaratasi. Ni zahanati na mashua ya wagonjwa.

Ni maji pia. Sehemu nyingi za Lamu Mashariki hunywa maji ya jabia: uwanja mpana uliosakafiwa ili mvua iteremke kwenye tangi lililofunikwa. Jabia hujengwa kwa hesabu ya vichwa na ndoo. Ukisahau vichwa hamsini, tangi hukauka wiki kadhaa kabla ya masika, na anayetembea na ndoo ni mama na binti zake.

Na hao akina mama wana habari yao. Mwaka 1997, katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, mwanamazingira Julie Church aliona watoto wakichonga vidude vya kuchezea kutokana na ndara zilizotupwa na mawimbi ufukweni. Akawahimiza mama zao waziokote, wazisafishe na wachonge vitu vya kuuza. Kazi hiyo ilikua mpaka ikawa karakana Nairobi. Ndara chakavu iliyoletwa na bahari kutoka mbali ikaingiza shilingi kwenye kaya ambazo bwana wa nyumba alikuwa amekaa bure kwa kusi. Shilingi hizo zilihitajika zaidi baadaye. Septemba 2011 hoteli ya kitalii iliyokuwa jirani na Mkokoni ilivamiwa na watu wenye silaha, ikafungwa, na ajira zikaenda nayo. Kisha kwa miaka kadhaa serikali ikapiga marufuku uvuvi wa usiku Lamu.

Sensa ya Kenya hufanywa kila miaka kumi, na inayofuata ni ya 2029. Wewe uliye Mkokoni, Kiwayu au Kiunga, karani akipiga hodi, mtaje aliyetoka na mashua usiku ule, mtaje mtoto aliyelala kwa bibi, na umwelekeze karani lilipo dago.