Ndevu na Wembe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Hakuna mwanamume asiyezijua ndevu, na kwa sababu hiyo kila mmoja hujiona kuwa mjuzi wa habari zake. Baba humwambia mwanawe, mwana humwambia rafiki yake, na kinyozi huwaambia wote. Lakini katika maneno hayo yanayopokezanwa yamo mengi yasiyo kweli. Mengine ni ya kuchekesha tu. Mengine yamewaachia watu makovu usoni, na mengine yaweza kumletea mtu maradhi ya kumwua.

KUNYOA HAKUZIDISHI NDEVU

Neno la kwanza aambiwalo kijana ni kwamba akinyoa mara kwa mara ndevu zake zitakuwa nyingi na nene. Wako wanaojikwangua mashavu matupu kila asubuhi kwa tumaini hilo. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa elimu ya mwili huko Marekani, alichapisha matokeo ya kupima ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa; hakuona kwamba wembe uliongeza unene wa nywele wala wepesi wa kuota kwake. Mwaka 1970 ikatangazwa habari ya wanaume 5 walionyoa mguu mmoja kila juma kwa miezi kadhaa, na mguu wa pili wakauacha. Hapakuonekana tofauti ya maana kati ya nywele za miguu ile.

Sababu ni rahisi. Wembe hukata unywele juu ya ngozi, bali unywele huumbwa chini, penye mzizi, na mzizi hauna habari ya yaliyotendeka juu. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba kama jani la nyasi. Ukikatwa hubaki kisiki, na kisiki hicho ndicho kikwaruzacho mkono na kuonekana kinene. Tena kijana huanza kunyoa katika miaka ile ile ambayo ndevu zake zingezidi hata bila wembe. Basi huusifu wembe kwa kazi isiyo yake.

SI KIPIMO CHA UANAUME

Wingi wa ndevu hutokana na urithi, na jinsi vinyweleo vinavyoitikia homoni za kiume zilizomo damuni. Watu wawili waweza kuwa na homoni kwa kadiri moja, lakini mmoja akajaa ndevu na mwenziwe akapata chache, kama mashamba mawili yaliyonyeshewa mvua moja. Kwa hiyo mwenye kidevu kitupu asidharauliwe, wala asidhaniwe kuwa hana nguvu au hawezi kuzaa. Mafuta ya nazi hulainisha ndevu zilizopo, lakini hayaumbi vinyweleo vipya. Anayetaka kufuga ndevu na awe na saburi: hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, na wengi hawazipati kamili mpaka wapite miaka 20 na zaidi.

VIPELE VYA KIDEVUNI

Karani, askari au mwalimu anyoaye kila siku mara nyingi huota vipele shingoni na kidevuni. Huambiwa ni uchafu, au kwamba hakunyoa vizuri, naye huzidi kukwangua. Hapo ndipo anapojiumiza. Vipele hivyo huwapata zaidi watu wenye nywele za kujikunja, yaani Waafrika wengi. Unywele uliokatwa huwa na ncha kali. Ukikua hujipinda, ukarudi na kuichoma ngozi kama mwiba. Mwili hupigana nao kama upiganavyo na mwiba wowote, na mahali pale huvimba. Mtu akivuta ngozi na kupitisha wembe mara nyingi ili apate ulaini, unywele huzama chini ya ngozi na kuichoma kutoka ndani. Kumbe ule unyoaji usifiwao kuwa mzuri kuliko wote ndio mbaya kwake.

Dawa ya kwanza ni kuziacha ndevu ziote kwa majuma 3 au 4, maana unywele ukirefuka hujichomoa wenyewe. Asiyeweza kuziacha na azipunguze kwa mashine, akibakiza kiasi cha milimita 1. Atumiaye wembe na alainishe ndevu kwa maji ya moto kiasi na povu la sabuni, anyoe kwa kufuata zinakoelekea, wala asivute ngozi. Vipele visitumbuliwe. Mtu ambaye makovu yake huvimba na kukua hapana budi amwone daktari mapema.

WEMBE MMOJA, WATU WENGI

Kosa lililo kubwa kupita yote ni kudhani kwamba wembe uliopanguswa ni wembe safi. Wembe huchubua ngozi hata pasipoonekana damu. Virusi vya homa ya ini ya aina B vyaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 na bado vikaambukiza. Virusi vya Ukimwi navyo vyaweza kupita katika damu iliyo mbichi. Spiriti anayopakwa mtu baada ya kunyolewa haiondoi kilichokwisha kuingia mwilini. Mashine nayo isiyosafishwa hueneza choa, yaani mashilingi, kutoka kichwa hadi kichwa.

King C. Gillette wa Marekani alipopewa hati ya wembe wake mwaka 1904, shabaha yake ilikuwa wembe mwembamba wa bei nafuu, utumike kisha utupwe. Basi kuazimana wembe nyumbani, hata kati ya baba na mwana, ni kuponza afya kwa senti chache. Mteja anayo haki ya kutaka wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake, na kinyozi mwema hataona haya kuombwa hivyo.

Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Lakini maji peke yake hayatoshi: tia maji, na uje na wembe wako.