Kukomboa Nyumba Kabla ya Muda Wake

Dawa ya deni ni kulipa. Mithali hii yajulikana na kila mtu, lakini haisemi dawa yenyewe inywewe lini, wala kwa kipimo gani. Katika makala hii twataka kueleza jambo ambalo wengi walioweka nyumba au shamba rehani hawalifahamu vema: ya kuwa shilingi chache zilizookolewa katika matumizi ya kila siku, zikipelekwa mapema kwa mkopeshaji, zaweza kumfungua mtu katika deni lake miaka kadhaa kabla ya siku iliyoandikwa katika mkataba.

REHANI NI NINI?

Mtu ahitajiye fedha za kununua au kujenga nyumba hukopa benki, au katika chama cha akiba na mikopo, na nyumba hiyo pamoja na ardhi yake huandikwa kuwa dhamana ya deni. Mwenye nyumba hukaa humo kama kwake, lakini nyumba imefungwa mpaka senti ya mwisho ilipwe. Desturi hii ilienea Kenya baada ya hati za ardhi za mtu mmoja mmoja kuanza kutolewa kwa wingi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia, pamoja na mambo mengine, kumpa mkulima hati aweze kukopa kwayo; na mwaka 1965 iliundwa kampuni ya Housing Finance ili kuwakopesha watu fedha za nyumba.

Lakini hati ile ile impayo mtu uwezo wa kukopa yaweza pia kumpotezea makao. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopaji akikaa mwezi mmoja bila kutimiza malipo yake, mkopeshaji aweza kumpelekea arifa, naye hupewa siku 90 za kutengeneza mambo. Asipoweza, na mkopeshaji akikusudia kuuza, hupelekewa arifa nyingine ya siku 40, na baada ya hapo dalali huweza kuitwa. Basi kila mwaka unaoondolewa katika deni ni mwaka ambao ugonjwa, au kuachishwa kazi, au mvua kukosa kunyesha, hautaweza kuwatoa mama na watoto nyumbani mwao kwa sababu ya deni hilo.

RIBA HUHESABIWAJE?

Tuseme karani mmoja amekopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, naye amepewa miaka 20 ya kulipa. Kila mwezi atatoa shilingi 22,022 hivi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 20,000, yaani asilimia moja ya deni zima. Kwa hiyo, katika fedha zote alizotoa mwezi huo, ni shilingi 2,022 tu zilizopunguza deni lenyewe.

Mwisho wa mwaka wa tano karani huyu atakuwa amekwisha kulipa zaidi ya shilingi 1,321,000. Akienda kuuliza hesabu yake, atashangaa kuambiwa ya kuwa bado anadaiwa karibu shilingi 1,835,000. Hakuibiwa. Riba hukatwa juu ya deni lililobaki, na katika miaka ya kwanza deni lililobaki ni kubwa, kwa hiyo riba hula sehemu kubwa ya malipo. Akiendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa miaka 20, atakuwa ametoa karibu shilingi 5,285,000, na katika hizo shilingi 3,285,000 ni riba.

Lakini akiongeza kitu juu ya malipo ya kawaida, mambo hugeuka. Riba ya mwezi huo imekwisha kulipwa, basi kile kilichozidi huenda chote kupunguza deni lenyewe. Nalo deni likipungua, riba ya mwezi ujao hupungua, na ya mwezi wa pili, na ya miezi yote inayofuata.

SHILINGI MIA KWA SIKU

Karani wetu akiokoa shilingi 100 kila siku, kwa mwezi apata shilingi 3,000. Akizitoa tangu mwezi wa kwanza pamoja na malipo yake ya kawaida, deni litakwisha katika miaka 13 na nusu hivi badala ya 20, naye atakuwa ameepuka riba ya zaidi ya shilingi 1,240,000.

Hizo shilingi 100 zitatoka wapi? Kwa wengi hazitoki mahali pamoja. Huyu hunywa chai na mandazi hotelini kila asubuhi, ilhali chai ya nyumbani imekwisha chemka. Yule hununua sukari, mafuta na sabuni kwa vipimo vidogo vidogo kila siku, na kila kipimo kidogo huwa na faida ya mwenye duka. Angenunua vya mwezi mzima kwa mara moja angelipa kidogo zaidi ya hapo. Mwingine hupanda pikipiki mwendo wa dakika kumi ambao miguu yaweza. Mwingine hutuma fedha kwa simu mara nyingi kidogo kidogo, naye hutozwa ada mara nyingi vile vile. Mwenye kiwanja aweza kupanda sukuma wiki na vitunguu karibu na jikoni. Na fedha za kamari, ambazo siku hizi vijana wengi huzitoa kwa simu, hizo si za kupunguzwa bali za kukomeshwa.

Lakini tufahamu ya kuwa uwekevu si ubahili. Maziwa ya mtoto, karo ya shule na matibabu si mahali pa kuokolea fedha. Wala mtu asijitenge na jamaa zake: mchango wa msiba ni wajibu. Lililo jema ni kuamua mapema, mwanzo wa mwezi, kiasi cha kutolea michango, ili mtu asiahidi mbele ya mkutano kitu ambacho nyumbani hakipo.

AHARAKISHAYE MWANZONI

Fedha ya ziada ina nguvu zaidi ikitangulia. Karani huyo akipata shilingi 100,000 mwisho wa mwaka wa kwanza, labda kwa kuuza ng'ombe au kwa malimbikizo ya mshahara, akazilipa zote katika deni, ataepuka riba ya karibu shilingi 700,000 katika miaka iliyobaki. Fedha hizo hizo akizilipa mwisho wa mwaka wa kumi na tano, ataepuka riba ya shilingi 75,000 hivi tu. Kwa hiyo asemaye, "Nitaanza kujibana watoto wakiisha kumaliza shule," apoteza sehemu kubwa ya faida.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, usome mkataba. Sheria ya Ardhi yampa mkopaji haki ya kulipa deni lote na kukomboa mali yake kabla ya muda. Mkataba waweza kumtaka tu atoe arifa ya mwezi mmoja, au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja.

Pili, kila utoapo fedha ya ziada, uandike barua kusema ya kuwa ni ya kupunguza deni lenyewe, wala si malipo ya mwezi ujao yaliyotangulizwa. Omba pia malipo ya kila mwezi yabaki kama yalivyokuwa, na muda ndio upunguzwe. Kisha udai taarifa ya hesabu uone kwamba imefanyika hivyo.

Tatu, uweke kwanza akiba ya miezi michache kwa ajili ya shida. Fedha ukiisha kuitia katika deni si rahisi kuitoa tena, na ugonjwa haungoji.

Nne, kama una deni jingine lenye riba kubwa zaidi, ulimalize hilo kwanza.

Tano, ukumbuke kodi. Riba ya mkopo wa nyumba unayokaa hutolewa katika mapato kabla ya kodi kukadiriwa, na tangu mwisho wa mwaka 2024 kiwango cha juu ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Kwa hiyo apataye nafuu hiyo, faida yake ya kulipa mapema hupungua kiasi, ingawa haiishi.

DAFTARI LA WATU WAWILI

Sheria hiyo hiyo yataka mume au mke akubali kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Kama ni wawili waliokubali kulichukua deni, yafaa wawili waketi kulilipa. Wanunue daftari, na kila jioni waandike kilichotoka, hata kama ni shilingi tano. Mume asimhesabie mke chumvi na hali yeye mwenyewe haandiki alichokunywa mjini. Baada ya mwezi mmoja wataona wenyewe fedha zinapovujia, wala hawatahitaji mtu wa kuwafundisha.

Na siku deni litakapokwisha, wasiridhike na pongezi za karani wa benki. Waichukue hati yao, na wahakikishe ya kuwa kufunguliwa kwa rehani kumeandikishwa katika ofisi ya ardhi. Hapo ndipo nyumba itakapokuwa yao kwa kweli.