Kuwasha na Kukabidhi: Yanayotangulia Mfumo Endeshi Katika Tarakilishi

Mwanzo wa ngoma ni lele. Methali hii inamfaa yeyote anayetaka kueleza yanayotendeka ndani ya tarakilishi katika zile sekunde chache baina ya kubonyeza kitufe na kuona picha ya kwanza ya mfumo endeshi. Istilahi za Kiswahili zilizobuniwa kwa ajili ya chombo hiki zimeelekea zaidi kwenye yale yanayoonekana: kiwambo, baobonye, kipanya, faili. Lele yenyewe, yaani hatua zinazoyatangulia hayo yote, imeachwa karibu bila majina, na jambo lisilo na jina ni vigumu kumweleza mwenye mali anapouliza kwa nini chombo chake kimegoma.

Swali hilo halikosi kuulizwa mahali kama Dundori, kule juu kaskazini-mashariki mwa mji wa Nakuru, kwenye barabara itokayo Lanet kuelekea Ol Kalou. Chukua mfano wa duka la kuchapa hati lenye tarakilishi moja iliyokwisha kutumika kwingine. Umeme hukatika ghafla, kisha hurudi, na badala ya picha iliyozoeleka kiwambo huonyesha mstari mmoja wa Kiingereza katika uga mweusi. Mwenye duka huamua kwamba tarakilishi imekufa, huanza kutafuta fedha za kununua nyingine, na pengine huiuza ile ya kwanza kwa bei ya vyuma chakavu. Huenda haijafa hata kidogo. Huenda makabidhiano ndiyo yaliyoshindikana.

Kiingereza huliita tendo hili kwa taswira ya mtu anayejiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Taswira hiyo huchekesha, lakini haielezi mengi. Kiswahili kina iliyo bora, nayo ni kuwasha. Mpishi wa Dundori, ambako baridi ya alfajiri haina masihara, hawashi gogo kwa kiberiti. Njiti huwasha vibanzi, vibanzi huwasha kuni nyembamba, na kuni nyembamba ndizo zinazolishika gogo. Kila hatua ina nguvu ya kuamsha ile inayoifuata tu.

Haja ya vibanzi inatokana na jambo moja. Kichakataji hutekeleza maagizo yaliyomo katika kumbukumbu, lakini kumbukumbu ya muda hupoteza kila kitu umeme unapotoka. Mfumo endeshi umehifadhiwa salama katika diski, ila kichakataji kinapoamka hakijui hata kama kuna diski. Ni lazima pawe na programu fupi iliyoandikwa ndani ya chipu isiyosahau, kwenye ubao mkuu wa tarakilishi. Hiyo ndiyo programu dhibiti.

Katika tarakilishi ya IBM iliyotolewa Agosti 1981, programu dhibiti iliitwa BIOS na ilienea katika kilobaiti 8 tu. Kichakataji chake, Intel 8088, kilipopata umeme kilikwenda moja kwa moja kwenye anwani ya 1,048,560, yaani baiti 16 kabla ya mwisho wa kumbukumbu yote kiliyoweza kuifikia. Nafasi hiyo haitoshi kazi yoyote ya maana. Palikuwa na agizo la kuruka kwenda mahali pengine, mfano wa kibao langoni kinachomwelekeza mgeni apitie mlango wa nyuma. Huko BIOS ilijikagua, ikapima kumbukumbu, ikatafuta baobonye na diski. Iliporidhika, ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, ikaiweka kwenye anwani ya 31,744, kisha ikairukia. Kuanzia hapo hatamu zilikuwa mikononi mwa mwingine.

Baiti hizo 512 zinastahili kutazamwa kwa makini. Katika diski kuu, baada ya mpangilio ulioletwa na DOS 2.0 mwaka 1983, sekta hiyo ina baiti 446 za maagizo, baiti 64 za jedwali linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa, na baiti 2 za mwisho ambazo ni alama ya uhalali. Alama isipopatikana, programu dhibiti nyingi hukataa kuendelea. Kwa kuwa baiti 446 hazitoshi hata barua ya kuomba ruhusa shuleni, maagizo hayo huita programu kubwa kidogo, ambayo hapa itaitwa kipakizi. Katika Windows XP ilikuwa NTLDR. Katika Linux, mara nyingi ni GRUB. Kipakizi ndicho kinachokiweka kiini cha mfumo endeshi katika kumbukumbu na kukiachia kazi.

Mpango huu ulienea kwa kampuni nyingine kwa sababu mwaka 1982 Compaq iliunda BIOS yake yenye tabia ile ile bila kunakili maandishi ya IBM: kundi moja lilieleza programu inafanya nini, na kundi jingine, lisiloyaona maandishi hayo, likaandika upya. Mwanafunzi wa tafsiri atalitambua zoezi hilo.

Anayezijua hatua hizi anaweza kukisia moto umezimikia wapi. Milio mfululizo na kiwambo cheusi ni ishara kwamba programu dhibiti imekuta kasoro, pengine katika kumbukumbu. Saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa ni dalili ya betri ndogo ya ubao mkuu kuisha. Ujumbe kwamba hakuna diski yenye mfumo unaonyesha kwamba programu dhibiti ni nzima na haikupata wa kumkabidhi. Wakati mwingine sababu ni flashi iliyosahauliwa katika tundu lake. Nembo ya mfumo endeshi ikionekana kisha kila kitu kikaganda, makabidhiano yamekwisha fika mbali, na lawama itafutwe kwingine.

Tarakilishi za sasa zinatumia UEFI, mpango unaosimamiwa na jumuiya ya kampuni iliyoundwa mwaka 2005. Programu dhibiti hii inaelewa mafaili, hivyo haihitaji kubana maagizo katika sekta moja. Husoma faili la kipakizi kutoka sehemu maalumu ya diski. Makabidhiano yake nayo yana adabu zaidi. Kipakizi huomba orodha ya kumbukumbu yote, ipi inatumika na ipi iko huru, na hupewa orodha hiyo pamoja na namba yake. Kinapokuwa tayari hutangaza kwamba kinachukua madaraka na kuitaja namba ile. Iwapo orodha imebadilika katikati, programu dhibiti hukataa, na kipakizi hulazimika kuomba orodha mpya. Ndivyo afanyavyo mtunza ghala mwangalifu: hatoi funguo kwa hesabu ya jana. Baada ya kukubali hujiondoa, ikibakiza huduma chache kama vile ya saa.

Linabaki suala la lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo iliiwekea Windows maandishi ya Kiswahili. Kazi hizo zote ni za gogo. Haziwezi kuonekana kabla gogo halijashika. Mstari ule katika uga mweusi hutoka kwa vibanzi, na huko Kiswahili hakijafika. Zamani kisingizio kilikuwa nafasi, maana kilobaiti 8 zilikuwa za kugombaniwa. Leo chipu ya programu dhibiti huweza kuwa na megabaiti 16 au zaidi, na UEFI yenyewe ina utaratibu wa kuhifadhi maandishi ya lugha kadhaa, kila moja kwa msimbo wake. Msimbo wa Kiswahili, sw, upo. Wa kutangulia kutafsiriwa ungekuwa ujumbe unaomkabili mwenye duka wa Dundori umeme unaporudi: mfumo endeshi haukupatikana, chomoa flashi, kisha uwashe tena.