Kabla ya Kumpa Mtu Faranga Zako Akuzalishie



Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko ya saa sita, bwana mmoja aliyevaa vizuri alisimama mbele ya mlango wa kiwanda kimoja hapa Bujumbura. Alijua jambo ambalo hata baadhi yetu katika sendika tulikuwa hatujalisikia: kwamba wenzetu waliopunguzwa kazini walikuwa karibu kupewa malipo yao ya mwisho. Hakuuza nguo wala sabuni. Alijiita mshauri wa fedha. Alisema kila atakayempa faranga 500,000 atapokea faranga 50,000 mwisho wa kila mwezi, na mtaji wake utabaki palepale. Mama mmoja aliyesimama kwenye mashine miaka 19 alimwuliza, "Na zikipotea?" Bwana yule alicheka, akajibu kwamba haziwezi kupotea.

Siandiki haya kama mwalimu. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilimpa mtu wa namna hiyo mishahara yangu ya miezi minne. Mwezi wa kwanza nikalipwa. Wa pili nikalipwa. Nikafurahi nikamleta shemeji yangu naye akatoa fedha ya mbuzi wake. Mwezi wa tatu simu ya yule bwana haikuita tena, na mpaka leo shemeji hakai meza moja na mimi. Kwa hiyo nikaanza kuuliza na kusoma, ili nijue nilikosea wapi.

Tupige hesabu ya yule bwana wa mlangoni. Faranga 50,000 kila mwezi kwa miezi 12 ni faranga 600,000. Maana yake fedha yako ya 500,000 inazaa zaidi ya yenyewe ndani ya mwaka mmoja, na bado ipo. Ni biashara gani hiyo? Shamba la chai halizai hivyo, wala duka, wala kiwanda tunachokifanyia kazi, ambacho mwenyewe hulia hasara kila tunapodai nyongeza. Jibu ni kwamba hakuna biashara yoyote. Wewe unalipwa kwa fedha ya anayekuja nyuma yako, na miezi kumi ya kwanza unarudishiwa jasho lako mwenyewe kidogo kidogo huku ukidhani ni faida.

Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1920, katika mji wa Boston kule Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Watu walijaa barabarani kumpelekea fedha, na mwaka huohuo akaanguka. Jirani zetu wa Tanzania waliiona wakati wa DECI, shirika lililoongozwa na watu wa kanisa. Wanachama walisema "wanapanda mbegu" na baadaye "watavuna". Mwaka 2009 serikali ililisimamisha, na viongozi wake wakapelekwa mahakamani kwa kuendesha upatu na kwa kupokea amana za watu bila leseni. Waliopanda mwanzoni walikuwa wamevuna. Waliopanda mwishoni walibaki wakisubiri kwenye mistari.

Kuna anayeuliza: basi na kirimba chetu cha kazini nacho ni wizi? Hapana. Katika kirimba watu kumi wanaojuana wanatoa kiasi sawa, kila mmoja anapokea zamu yake, na hakuna anayeahidiwa faida. Kinaisha pale kilipoanzia. Mchezo wa wale mabwana lazima ukue kila siku au ufe. Kama kila mtu ni lazima alete watu 5, hatua ya kwanza ni 5, ya pili 25, ya tatu 125. Ukifika hatua ya kumi ni watu 9,765,625. Hatua ya kumi na moja ni zaidi ya milioni 48, na Burundi nzima hatuna watu hao.

Sasa, wapo washauri wa kweli, na kazi yao ina sheria. Kenya ilianzisha mamlaka ya masoko ya mitaji kwa sheria ya 1989, Tanzania kwa sheria ya 1994, Uganda 1996. Sheria za namna hii, popote zilipo, zinafanana kwa mambo makubwa. Mshauri lazima awe na leseni. Kabla ya kukushauri anapaswa kukuuliza habari zako: unapata kiasi gani, una watoto wangapi wa kusomesha, fedha hii utaihitaji lini, na ukiipoteza utaishije. Mtu anayeuza kitu kilekile kwa mlinzi wa usiku na kwa tajiri wa magari hajakushauri, amekuuzia. Anapaswa kukuambia analipwa na nani, maana wengi hupewa fungu na kampuni ambayo bidhaa yake wanakusifia. Fedha yako iwekwe mbali na fedha ya kampuni yake. Na anapaswa kukueleza hasara inayoweza kutokea, kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa. Kipande hiki cha mwisho ndicho wanachopenda kukiandika kwa herufi ndogo kama chawa. Mwambie akusomee kwa sauti.

Maana hasara ipo hata bila mwizi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa za Safaricom kwa umma, hisa moja shilingi 5, na mtu hakuweza kuomba chini ya hisa 2,000. Watu walipanga mistari, wengine walikopa benki ili wanunue. Kampuni ilikuwa ya kweli na sheria ilifuatwa. Siku za kwanza sokoni mwezi wa Juni bei ilipanda, halafu ikateremka chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40, kisha ikashuka tena sana. Aliyenunua kwa fedha asiyoihitaji aliweza kungoja. Aliyekopa alidaiwa riba kila mwezi, akauza kwa hasara. Bei ilikuwa moja kwa wote wawili.

Katika mwezi wa Machi 2008, hukohuko Kenya, mamlaka iliweka Nyaga Stockbrokers, dalali wa hisa mwenye leseni, chini ya usimamizi maalumu. Wateja walilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Mfuko wa fidia ulikuwepo, lakini kiwango cha juu kilikuwa shilingi 50,000 kwa mteja. Kwa hiyo leseni ni jambo la kwanza la kuuliza, lakini usiache kuuliza kuna mfuko wa fidia au hakuna, na unafika wapi.

Hapa kwetu, benki, COOPEC na vyama vya mikopo midogo hupata kibali cha Benki Kuu, yaani BRB. Huko ndiko pa kuuliza kama jina ulilotajiwa linajulikana. Mwaka 2019 BRB ilitangaza kupiga marufuku biashara ya zile fedha za kwenye kompyuta, bitcoin na nduguze, baada ya wananchi kwenda kulalamika kwamba wamepata hasara. Hivyo anayekuja na hiyo kwenye simu anakuuzia kitu ambacho ukikipoteza hutakuwa na mahali pa kukishtakia.

Wapo wanaosema, basi nitaficha faranga zangu chini ya godoro. Mwezi wa Mei 2023 dola moja kwa bei ya BRB ilitoka faranga karibu 2,100 ikapita 2,800. Aliyeficha fedha chini ya godoro aliamka akiwa nazo zote kwa hesabu, lakini bidhaa kutoka nje zilikuwa zimemkimbia. Sisemi haya ili mtu akimbilie kwa yule bwana wa mlangoni. Nasema kila mahali pana hasara ya aina yake, na mshauri wa kweli ni yule anayekutajia ya kwake kabla hujamwuliza.

Yule mama hakutoa fedha. Wenzake 7 wameshatoa, na bwana ameahidi kurudi siku ya malipo. Wajumbe wa sendika watakuwa mlangoni siku hiyo tangu asubuhi. Tutamwomba kibali chake, jina la kampuni, anwani yake, na karatasi inayoeleza hasara. Waliokwisha kutoa walete risiti, ujumbe wa Lumicash uliobaki kwenye simu, na karatasi yoyote waliyotia saini, hata kama imechanika. Msifute ujumbe hata mmoja. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule, au aje peke yake, tutamsomea.