Hewa ya Biro (Sehemu ya 2): Baridi Si Hewa

Niliishia mlangoni mwa biro moja hapa Sandoa, ambamo makarani huumwa kichwa ikikaribia saa sita mchana, na wakifika nyumbani wamepona. Wao wanalaumu kompyuta. Mimi naishuku klima.

Wengi hudhani klima huvuta hewa ya nje. Hii ya kawaida, sanduku moja ukutani na jingine nje, haivuti. Kinachopita kati ya masanduku hayo ni gesi ya kupozea, ndani ya mabomba ya shaba (huenda ni shaba ya kwetu). Hewa ya chumbani ni ileile: inapozwa, inarudishwa, inapozwa tena.

Tupige hesabu. Mtu aliyekaa kitini hutoa lita 20 hivi za hewa ukaa kwa saa. Chumba cha meta 5 kwa 4, chenye dari la meta 3, kina meta za ujazo 60. Waweke watu wanne, uzibe kila upenyo. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa katika kila milioni. Humo ndani zitapita 1,000 kabla ya nusu saa. Kiwango hicho cha 1,000 alikiweka Max von Pettenkofer wa Munich mwaka 1858. Hakusema kwamba kinaua. Alikitumia kupimia ni kiasi gani cha pumzi za wenzako unakivuta wewe, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, hilo si jambo la kinyaa tu. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni ya Polaroid, Marekani: kwa watumishi wa ofisini, asilimia 35 ya likizo fupi za ugonjwa ilihusishwa na uchache wa hewa safi.

Nyumba za serikali za enzi ya Wabelgiji zilijengwa kabla ya klima kuenea: dari juu, matundu karibu na paa, madirisha yanayotazamana, baraza ya kuzuia jua. Siwasifu waliozijenga, nasifu matundu. Mchwa wanajua zaidi. Kichuguu hupumua kupitia kuta zake zenye vinyweleo, upepo ukiisukuma na kuivuta hewa ya ndani. Sisi tunakivunja kichuguu, udongo wake tunaufyatulia matofali, kisha tunajenga chumba kisichopumua hata kidogo.

Basi tufungue madirisha, ila kwa tahadhari. Umeme ukikosekana, grupu huwekwa barazani, chini ya dirisha, isiibwe. Hapo dirisha lililo wazi huingiza kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishikilia damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Heri uifunge grupu mnyororo mbali na ukuta, hata kama mlinzi atanung'unika.

Sehemu ya tatu itatupeleka Kolwezi, ambako ushauri wangu wa kufungua madirisha unapata taabu. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walieleza walichokikuta Kasulo, mtaa uliochimbwa kobalti chini ya nyumba za watu: madini hayo yalikuwamo katika vumbi la majumbani, na katika mkojo wa watoto.