Kifaa cha kidoleni na masomo ya mwanao

Mzazi wa Ngara anapompeleka kituo cha afya mtoto anayehema kwa shida, muuguzi anaweza kumbana kidoleni kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu. Baada ya sekunde chache namba hutokea. Ikiwa chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni haraka.

Ndani ya kifaa hicho mna chipu. Si chipsi za kukaanga, bali vipande vya semikondakta vinavyotoa mwanga, kuupokea ukishapita kidoleni na kukokotoa kiasi cha oksijeni kwenye damu. Kipimajoto cha kidijitali, mashine ya presha, ultrasaundi na hata sola ya zahanati hutegemea teknolojia hiyo hiyo.

Lakini kifaa kinaweza kukosea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliochapishwa Desemba 2020, ulionyesha kuwa kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Rangi ya ngozi hubadili namna mwanga unavyopita. Kosa la aina hiyo halitatuliwi na fundi peke yake. Linamhitaji pia daktari, muuguzi na mtaalamu wa takwimu.

Ndiyo maana elimu ya chipu haipaswi kuishia kwa wahandisi wa umeme. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina kiwanda cha semikondakta ndani ya eneo lake. Nchini kwetu, Muhimbili (MUHAS), chuo cha tiba, kinafundisha pia uhandisi wa vifaa tiba, na DIT inawaandaa mafundi wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimeamua kuweka kampasi mkoani Kagera kupitia mradi wa HEET.

Kwa mzazi, safari huanza mapema. Wanafunzi wengi huiacha Fizikia wanapoingia kidato cha tatu, na wasichana huambiwa ni somo la wavulana. Kabla mwanao hajaamua, keti naye. Anayetaka uuguzi au udaktari, mweleze kwamba Fizikia itamsaidia kujua lini aiamini namba ya mashine, na lini amtazame mtoto mwenyewe: midomo inayobadilika rangi, mbavu zinazobonyea akivuta pumzi.

Ukiziona dalili hizo nyumbani, usisubiri kipimo. Mwahishe kituoni.